Nyumba Yenye Mawe Matano: Kisa cha Familia Iliyotaka Kuhamia Mji wa Mlimani

Picha ya kwanza waliyonitumia ilipigwa asubuhi. Nyumba ya paa jekundu, nyuma yake msitu umesimama kama ukuta, na juu ya msitu kilele cha mlima kimejifunga kiwingu chembamba. Mbele ya nyumba, kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, kulikuwa na mawe matano makubwa ya mviringo, kila moja likimfika mtu mzima kifuani. Chini ya picha mume aliandika neno moja: "Unaonaje?"

Mimi nilikuwa naangalia mawe. Nitayarudia baadaye, maana kisa hiki nusu yake ni mawe hayo na nusu nyingine ni mambo ambayo hayaonekani pichani hata ukiikuza vipi. Wenyewe wameniruhusu nikiandike kwa sharti la kutotaja majina yao wala mji.

Familia yenyewe

Mume na mke wako katikati ya miaka ya 40. Wana binti wa miaka 14 na mvulana wa miaka 9 mwenye pumu. Wanaishi pia na mama mzazi wa mume, bibi wa miaka 76 mwenye shinikizo la damu, ambaye miaka miwili kabla ya hapo alipata kiharusi kidogo akapona. Makazi yao ni jiji kubwa, karibu na usawa wa bahari, joto na foleni mwaka mzima.

Mke ni mhasibu anayefanya kazi kwa intaneti, vikao karibu kila siku. Mume alikuwa amepunguzwa kazini miezi mitano nyuma na kulipwa kiinua mgongo. Jambo hili nililiwekea alama mapema. Mtu mwenye kiinua mgongo benki na jeraha la kazi moyoni ana haraka ambayo yeye mwenyewe haioni. Anaona mlima, lakini miguu yake inakimbia ofisi. Sikumwambia hivyo siku ya kwanza, kwa sababu mtu ukimwambia anakimbia, huongeza mwendo.

Mji waliouchagua uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kilomita 70 kutoka mji mkubwa wa karibu. Sababu walizonitajia zilikuwa tatu: hewa safi kwa ajili ya kifua cha mtoto, gharama za maisha zilizo chini ya za jiji, na utulivu. Mume alitaka wanunue ile nyumba moja kwa moja. Mke alitaka "tufikirie kwanza," kauli ambayo kwenye ndoa nyingi maana yake ni hapana iliyovaa nguo za heshima.

Jumanne ya mwezi wa mvua

Kila nilipowauliza wanatafuta nini huko, jibu lilikuja na mandhari. Ukungu, ndege, kijito nyuma ya nyumba. Nikakumbuka utafiti wa mwaka 1998 wa Daniel Kahneman, yule mwanasaikolojia aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2002, na mwenzake David Schkade. Waliwauliza wanafunzi wapatao 2,000 nchini Marekani, wengine wa kusini mwa California na wengine wa majimbo ya kati yenye baridi kali, wanaridhika kiasi gani na maisha. Kuridhika kwa jumla kulikuwa sawa. Lakini pande zote mbili ziliamini kwamba watu wa California wana furaha zaidi. Sababu ni kwamba ukimtajia mtu California anawaza jua, na kile unachokiwaza kwa wakati huo huonekana kikubwa kuliko kitakavyokuwa kwenye maisha yako ya kila siku. Mlima nao uko hivyo hivyo. Siku 20 za kwanza unautazama, kisha unakuwa kitu kilichoko nyuma ya kamba ya kuanikia nguo.

Basi nikawapa kazi. Kila mmoja, bila kuonyeshana, aandike Jumanne moja ya mwezi wa mvua kubwa katika mji huo, tangu kuamka hadi kulala.

Mume aliandika mistari tisa. Ananywa kahawa kibarazani, anatembea msituni, anarudi kurekebisha banda, jioni anasoma. Mke aliandika kurasa mbili. Nanukuu kipande chake: "Saa 12 asubuhi giza bado, umeme umekatika usiku, maji ya kuoga mtoto nachemsha kwa gesi. Gesi inauzwa wapi? Kikao changu ni saa 3. Mama ana kliniki leo, nani anampeleka, na gari letu ni moja? Nguo za shule za jana bado mbichi."

Mume alipozisoma kurasa zile alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kwangu mimi mvua ilikuwa ya kutazama tu." Kwa maoni yangu hapo ndipo mazungumzo ya kweli yalipoanza. Mpaka wakati huo walikuwa wanabishana kuhusu miji miwili tofauti yenye jina moja.

Mgeni siku mbili

Walikuwa wameutembelea mji ule mara tatu. Mara zote kiangazi, mara zote siku tatu au nne, na mara zote walifikia nyumba ya wageni yenye jenereta na mpishi. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mji ulikuwa haujawapa jembe.

Niliwashauri wakapange nyumba ya kawaida huko kwa wiki tatu, katikati ya mvua, watoto wakiwemo, mke akifanya kazi zake kama kawaida na bibi akinywa dawa zake kama kawaida. Mume aliona ni kupoteza hela. Nikamwambia ni kodi ya wiki tatu dhidi ya kiinua mgongo chote. Wakaenda.

Wiki hizo tatu mke aliziandika kwenye daftari la shule, na ninalo hapa mezani.

Siku ya pili kulikuwa na baridi kuliko walivyotegemea. Haikupaswa kuwashangaza, kwani joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo mita 1,700 ni tofauti ya nyuzi 11 hivi, na nyumba nyingi za kupanga hazikujengwa kuhifadhi joto. Siku ya tano umeme ulikatika mchana. Mtandao wa simu uliendelea kwa saa kadhaa kwa betri za mnara, kisha ukazima mji mzima, na mke akakosa kikao cha kufunga hesabu za mwezi. Siku ya sita udongo uliporomoka ukaziba barabara, na ilichukua saa tano kufunguliwa. Siku ya nane viatu vya ngozi vya mume viliota kuvu ndani ya kabati. Mke amelipigia mstari neno "ndani."

Kuhusu hewa, ambayo ndiyo ilikuwa sababu ya kwanza ya safari yote, nitakaa kidogo, kwa kuwa watu wengi wenye watoto wa pumu hufanya hesabu hiyohiyo.

Imani kwamba mlima unatibu kifua haikutoka hewani. Davos, mji wa Uswisi ulioko mita 1,560 hivi, ulijulikana tangu karne ya 19 kwa kupokea wagonjwa wa kifua kikuu, na baadaye wa pumu. Ila kinachowasaidia wenye pumu kule kwa sehemu kubwa ni ukavu: utitiri wa vumbi, wale wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye magodoro na mazulia na kuchochea pumu, hawastawi kwenye hewa kavu. Mlima wenye msitu mnene una msitu kwa sababu una mvua, na penye mvua na unyevu ndani ya nyumba, utitiri na kuvu hustawi. Urefu ule ule juu ya bahari, nyumba tofauti, matokeo kinyume.

Halafu kuna moshi. Mji wao uko bondeni. Usiku hewa baridi ni nzito, inateremka kutoka milimani kama maji na kujaa chini, huku hewa ya joto ikibaki juu yake mithili ya kifuniko cha sufuria. Moshi wa majiko ya kuni na taka zinazochomwa hauna pa kwenda. Mke ameandika kwamba saa 1 asubuhi aliona moshi umelala mlalo, sawasawa, usawa wa mapaa, kama shuka lililotandikwa, na ulianza kunyanyuka saa 4 jua lilipokolea. Saa hizo ndizo watoto wanapotembea kwenda shule. Mvulana alikohoa usiku 9 kati ya 21. Nyumbani jijini, kwa hesabu ya mama yake, ni usiku wanne au watano kwa muda kama huo.

Lakini daftari hilo hilo lina ukurasa wa siku ya 12, walipopanda hadi kitongoji kilichoko juu ya shuka la moshi, upande mkavu wa kilima usiopata upepo wa mvua. Hapo mtoto alikimbia saa mbili bila kukohoa. Kwa hiyo "hewa ya mlimani" si kitu kimoja. Bonde na bega la mlima, upande wa mvua na upande mkavu, vinaweza kutofautiana kuliko jiji na kijiji. Ukichagua mji bila kuchagua upande, hujachagua hewa.

Hesabu ya bibi

Mtu aliyepatwa na kiharusi cha mshipa kuziba anaweza kupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini dirisha lake ni saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kila dakika inayopita ubongo unaendelea kufa. Kabla ya kupewa ni lazima apigwe picha ya ubongo kwa mashine ya CT, kwani kama ni mshipa uliopasuka, dawa hiyo hiyo inaweza kumuua. Kituo cha afya cha mji ule kina wauguzi wazuri na hakina CT. Mashine iliyo karibu iko kule kilomita 70.

Kiangazi ni saa moja na nusu. Ongeza nusu saa ya familia kutambua kinachotokea na kupata gari, ongeza saa moja ya mapokezi, picha na majibu. Saa tatu, unafika. Mvua ikinyesha, safari peke yake waliipima saa mbili na dakika 50, na siku ya sita isingewezekana kabisa. Mume aliandika namba hizi mwenyewe nyuma ya bahasha kisha akaikunja akaiweka mfukoni.

Sasa, jambo lililonishangaza ni kwamba katika miezi yote ile ya picha na mabishano, hakuna aliyemuuliza bibi. Nilimpigia simu nikamwamkia, nikamuuliza anauonaje mpango. Alicheka. "Mwanangu, mimi nilizaliwa mlimani. Niliteremka nikiwa na miaka 19 nikaapa magoti yangu hayatapanda tena. Mnanirudisha kufanya nini?" Kisha akashusha sauti: "Lakini usimwambie baba yao. Ana huzuni. Mwache aende popote, mimi nitamfuata."

Nilimwambia. Kuna siri ambazo kuzitunza ni kumsaliti mtoaji.

Mawe

Turudi kwenye nyumba. Dalali aliyasifu mawe yale kama pambo la bustani, na mvulana alikwishachagua lake la kupandia.

Swali langu kwa mume lilikuwa moja: nani aliyaleta pale? Hayakuchongwa, na hayakutoka chini ya ardhi, kwa maana mwamba wa eneo lile una ncha kali. Mawe ya mviringo yamesagwa njiani. Kijito kinachopita nyuma ya nyumba, siku za kawaida, hakimfiki mtu magotini, na maji ya kina hicho hayasukumi jiwe la tani kadhaa. Kinachoweza kulibeba ni tope zito kama zege mbichi, mchanganyiko wa udongo, magogo na maji unaoteremka korongoni kwa kasi na kubeba mawe makubwa mbele yake. Korongo likifika mahali linapofunguka na ardhi kulainika, tope hupoteza nguvu, hutawanyika na kuacha mzigo. Baada ya karne nyingi mizigo hiyo hujenga ardhi yenye umbo la pepeo la mkono, imeinama kidogo, ina udongo mzuri, haituamishi maji. Ni kiwanja kizuri mno cha kujenga. Ndiyo maana watu hujenga hapo.

Nilimwomba apige picha kutoka upande wa pili wa bonde, asubuhi, jua likiwa chini ili vivuli vionyeshe sura ya ardhi. Alinitumia. Pepeo lile lilionekana wazi kabisa, na nyumba ya paa jekundu ilikuwa karibu na mpini wake. Nikamwomba pia aangalie miti ya mteremko wa nyuma. Mingi ilikuwa imepinda chini, karibu na mizizi, kama mtu anayeanza kupiga goti, kisha ikanyooka kwenda juu. Mti hukua hivyo pale udongo unapoteleza polepole mwaka hadi mwaka, nao ukijirekebisha kutafuta wima.

Wasomaji wengi watakuwa wamekumbuka Katesh, mji wa kaskazini mwa Tanzania. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliachia, na tope lenye magogo na mawe likaingia mjini asubuhi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Sisemi mji wa familia hii utapatwa na hayo, wala sina sifa za kusema hivyo. Mimi si mtaalamu wa miamba, na niliwasihi wamtafute mmoja. Ninachosema ni kwamba jiwe la mviringo bustanini ni barua. Lilikuja siku moja, na lililolileta halijafutwa.

Barua hiyo ina majibu yake pia. Tarehe 28 Mei 2025 barafu na mawe viliufukia sehemu kubwa ya kijiji cha Blatten huko Uswisi. Karibu wakazi wote, kama 300, walikuwa wamehamishwa siku chache kabla, kwa kuwa wataalamu walikuwa wakiupima mlima na kuona unasogea. Kwa hiyo mtu anayehamia chini ya mteremko ana maswali mawili ya kuuliza ofisi za mji: nani anautazama mlima huu, na ataniambiaje usiku? Mume aliuliza. Alijibiwa kwa adabu kwamba eneo lile halijawahi kuwa na tatizo.

Jioni ile alizungumza na bibi mmoja jirani, aliyeishi pale tangu kuolewa. Alimwamkia, akamuuliza kuhusu kijito. Mama yule alinyoosha mkono, si kwenye kijito, bali upande wa pili wa nyumba, penye bonde dogo la nyasi. "Nilipoolewa kilipita pale," alisema. "Kina njia zake. Hiki kinachopita hapa sasa ni cha juzi." Juzi yake ilikuwa miaka 30 iliyopita.

Sitaurefusha upande wa moto, kwa sababu msitu wao ni wa unyevu, ingawa unyevu wa leo si ahadi ya kesho. Mwenye kuhamia msitu mkavu aitazame Paradise ya California: tarehe 8 Novemba 2018 moto ulioanza asubuhi uliukumba mji ule wa watu wapatao 26,000 kwa saa chache, watu 85 wakafa, na wengi walinaswa kwenye foleni ya barabara chache za kutokea. Hesabu njia za kutoka kabla ya kuhesabu vyumba. Mji wa familia hii una moja, ileile iliyozibwa siku ya sita.

Na kama kuna anayedhani yapo maeneo ya milima yaliyosalimika moja kwa moja, Asheville huko North Carolina ilitajwa kwa miaka kama kimbilio la mabadiliko ya tabianchi, mbali na bahari, juu milimani. Septemba 2024 Kimbunga Helene kilileta mafuriko yaliyovunja mabomba makuu, na maji ya bomba yaliyo salama kunywa yalirudi baada ya siku zaidi ya 50.

Watu

Upande huu nina kidonda changu. Niliwahi kuhamia mji mdogo wenye msitu, nikakaa miaka miwili, nikarudi. Nyumba ilikuwa nzuri, kazi ilikwenda, sikuibiwa hata kijiko. Nilirudi kwa sababu katika miaka miwili sikuwa na mtu wa kumgongea mlango bila sababu. Nilijilaumu, nikalaumu wenyeji, mpaka niliposoma kazi ya Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, ya mwaka 2018. Alikadiria kwamba kumtoa mtu kwenye kujuana tu hadi urafiki mwepesi huchukua saa kama 50 za kuwa pamoja, urafiki wa kawaida 90, na urafiki wa karibu zaidi ya 200. Nikapiga hesabu zangu. Mimi nilikuwa nikienda sokoni dakika 20, mara mbili kwa wiki, na miisho ya wiki nilikwenda msituni peke yangu kutafuta utulivu. Nilitaka mti na mtu kwa saa zilezile, nikampa mti zote.

Kwenye familia hii hatari ilikuwa kwa binti. Wa miaka 9 atacheza na yeyote mwenye mpira. Wa miaka 14 amekwisha lipa zile saa 200 kwa marafiki wanne, na mnamwambia aanze upya kwenye shule ambayo wenzake wamejuana tangu chekechea. Alipoulizwa alisema, "Mimi sina neno," na usiku akamwandikia mama yake ujumbe mrefu kutoka chumba cha pili. Mke hakunionyesha ujumbe huo na sikuomba.

Wiki tatu zilionyesha pia kitu cha kuwapendelea. Mume, ambaye jijini hakuwa akisalimiana na majirani wa ngazi moja, siku ya kuziba barabara alitoka na koleo pamoja na wanaume wengine wa mji na kurudi jioni na majina ya watu saba. Mke ameandika: "Leo amekula kama zamani." Nikiwa mkweli, mstari huo ulikuwa na uzito kwangu kuliko kurasa zote za moshi na kuvu.

Walivyopima

Njia zilikuwa nne. Kununua ile nyumba: hiyo ilikufa kwa mawe, na sikuhitaji kuisukuma. Kubaki jijini na kwenda msituni kila wiki haikuwa njia ya kudharau, kwani utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kwa watu karibu 20,000 nchini Uingereza ulihusisha afya njema na kukaa kwenye mazingira ya asili dakika 120 kwa wiki, na dakika 120 hazihitaji lori la kuhamisha vyombo. Mke aliitaka hiyo. Tatizo ni kwamba walikwisha iahidiana miaka sita na kwenda mara nne. Njia ya tatu ilikuwa kuhamia mji mkubwa wa karibu, ule wenye CT, na kuuona mlima kwa mbali. Hakuna aliyeipenda, na njia isiyopendwa na yeyote huwa haitekelezwi hata ikiwa na busara kiasi gani. Ya nne ilikuwa kupanga mlimani mwaka mmoja bila kuuza wala kununua chochote.

Walichukua ya nne, kwa masharti waliyoandika na kusaini wote watano, bibi akiwa wa kwanza. Nyumba iwe kwenye kile kitongoji cha bega la mlima, upande mkavu. Nyumba yao ya jijini ipangishwe, isiuzwe. Miezi ya mvua kubwa bibi akae jijini kwa binti yake, kilomita chache kutoka hospitali yake, na kiangazi akipenda apande. Mke apate laini za mitandao miwili na betri ya akiba, na mwajiri wake aambiwe ukweli kabla, si baada ya kikao cha pili kukosekana. Binti arudi kwa marafiki zake kila likizo, nauli ikitengwa kabla ya matumizi mengine. Kiinua mgongo kisiguswe kwa miezi 12. Sharti hili la mwisho aliliandika mume kwa mkono wake.

Mimi ningeongeza moja: waandike mapema ni kitu gani kikitokea watarudi, ili kurudi kusije kuwa ugomvi. Walikataa. Mke alisema ukiandika talaka siku ya harusi unaialika. Sikubaliani naye mpaka leo.

Miezi 14 baadaye

Wapo bado. Kifua cha mvulana ni bora kuliko jijini kiangazi, na ni vilevile wakati wa mvua. Viatu vya ngozi vimehamishiwa kwa shangazi. Barabara imefungwa mara tatu, mara moja kwa siku nne. Mwajiri wa mke amevumilia, kwa kununa. Binti ana rafiki mmoja na robo, kwa maneno yake mwenyewe, na mwaka ujao huenda akasoma bweni jijini. Bibi alipanda kiangazi kimoja, akakaa wiki mbili, akaomba ateremshwe, na sasa hupiga simu kila jioni kuuliza kama mvua imeanza.

Ile nyumba ya paa jekundu ilinunuliwa na mtu mwingine miezi mitatu baada ya wao kuiacha. Mume alikwenda kumsalimia, akamweleza habari ya mawe, korongo na njia ya zamani ya kijito, akamwonyesha hata picha ya pepeo. Mwenye nyumba alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamsindikiza hadi barabarani. Wiki iliyofuata alikuwa ameyapaka mawe yote matano rangi nyeupe.